Jina Litakuja

Kila mwenye simu hapa Tanzania amewahi kupokea ujumbe ule wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la mtu fulani. Hujui ni hela gani inayosemwa wala hujui nani ameandika, lakini sentensi hiyo imeshonwa kwa ustadi, kwa kuwa aliyeituma anajua kwamba miongoni mwa maelfu waliofikiwa siku hiyo yumo mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba au ada ya mtoto, na ambaye alikuwa anangoja kuelekezwa namba ya kulipia. Mimi maneno yale mawili ya mwisho, "jina litakuja", yamenikaa kichwani kwa sababu nyingine. Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kukaa upande wa pili wa kioo, kwenye dawati la uzingatiaji, linalohakikisha sheria zinafuatwa, la taasisi moja ya fedha jijini Dar es Salaam, nikingoja majina yaje.

Majina hayo huja pale ambapo mfumo umeona kuwa mtu anayetuma au anayepokea fedha anafanana na mtu aliyewekwa kwenye orodha ya vikwazo, yaani ya watu ambao fedha zao zinapaswa kuzuiwa. Muamala husimamishwa, tahadhari huingia kwenye foleni, na mmoja wetu hulazimika kuamua kama hawa ni mtu mmoja au ni watu wawili waliopewa majina yanayokaribiana. Karibu kila mara ni watu wawili. Nimefungua na kufunga tahadhari nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nyingi mno kati yake zimefutika akilini, ila moja ya Ijumaa fulani mchana haijaniacha.

Ilikuwa Sh 400,000 kutoka Muscat. Kijana alimtumia baba yake aliyekuwa Tanga, fedha ziingie moja kwa moja kwenye simu ya mzee. Huduma hiyo tunaitangaza kuwa ya papo kwa papo, na kwa kawaida kweli ni hivyo: mzee husikia simu inalia kabla mwanawe hajatoka kwenye duka la kutumia fedha. Siku hiyo mfumo uliukamata muamala. Kushoto mwa kioo lilikuwapo jina la mzee, majina matatu kama tunavyoandika pwani, lake, la baba yake na la babu yake. Kulia lilikuwapo jina la mtu aliyeorodheshwa na Umoja wa Mataifa, lenye sehemu nne, mbili kati yake zikifanana na za mzee na ya tatu ikikaribia. Mfumo ulikuwa umetoa alama 87 kati ya 100, na kizingiti chetu, alama ambayo muamala ukiifikia unasimamishwa, kilikuwa 85.

Nilifungua faili la usajili la mzee. Alizaliwa mwaka 1951 kwa mujibu wa taarifa zake za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Mtu wa orodhani alizaliwa miaka ishirini na zaidi baadaye, katika nchi ambayo mzee, kwa kadiri nilivyoweza kuona, hakuwahi kuikanyaga. Nikaandika sababu, nikafunga, fedha zikaenda. Kazi yote haikuchukua dakika tatu. Hata hivyo, kabla sijaifikia, tahadhari hiyo ilikuwa imekaa foleni dakika 47, kwa sababu zilikuwapo nyingine mbele yake na nusu ya dawati lilikuwa limekwenda kuswali. Dakika hizo mzee alizitumia akiwa amesimama kwa wakala, na cheti cha dawa mkononi. Alipiga simu huduma kwa wateja mara mbili, na mara zote mbili alijibiwa kwamba muamala wake unashughulikiwa. Hayo niliyajua baadaye, niliposikiliza rekodi ya simu. Katika ile ya pili aliuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, jina langu lina nini?"

Kabla sijasema kilichokosewa, na kilikosewa, ni vizuri kueleza orodha hiyo inatoka wapi, maana watu wengi huidhania kuwa jambo la mbali la Wazungu na Waarabu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, magari yaliyojaa milipuko yalilipuka kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, yakipishana kwa dakika chache. Waliouawa walizidi 200, wengi wao wakiwa Wakenya waliokuwa katikati ya jiji lao wakienda kazini; hapa kwetu waliuawa watu 11. Tarehe 15 Oktoba mwaka uliofuata, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1267, lililowataka Taliban wamtoe Osama bin Laden na likaamuru fedha za Taliban zizuiwe. Azimio hilo linaitaja milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam kwa majina ya miji. Kamati iliyoundwa kulisimamia ndiyo iliyoanzisha orodha ambayo leo, baada ya kupanuliwa na kugawanywa mara kadhaa, inapakiwa kwenye mfumo wa kila benki na kila kampuni ya fedha za simu duniani. Wapo wengine walioongezwa kupitia maazimio mengine, wakiwamo wa makundi ya silaha ya mashariki mwa Kongo kupitia kamati ya azimio namba 1533 la mwaka 2004, na zipo orodha za Marekani, za Uingereza na za Umoja wa Ulaya ambazo kila anayegusa dola, pauni au euro hana budi kuzichungulia. Lakini shina la orodha ninayofanyia kazi kila siku limemea kwenye damu iliyomwagika hapa. Siionei aibu kazi hii, na simwelewi mwenzangu anayeifanya kana kwamba ni kujaza fomu za watu wa nje.

Tatizo ni kwamba sheria hizi za kukagua majina zilitungwa wakati fedha zilipokuwa zikisafiri polepole. Mteja alijaza karatasi kaunta, karatasi ikapanda ghorofani, ujumbe ukatumwa benki ya mwandani ng'ambo, ile inayotupokelea na kutulipia huko, na hakuna aliyeshangaa akiambiwa asubiri siku mbili za kazi. Ndani ya siku hizo mbili afisa aliweza kuliangalia jina, kumpigia mwenzake, hata kulala nalo. Mteja hakujua kwamba alikaguliwa, kwa sababu ukaguzi ulijificha ndani ya ucheleweshaji ambao kila mtu aliuzoea. Malipo ya papo kwa papo, kama yale yanayopita kwenye TIPS, mfumo uliojengwa na Benki Kuu ya Tanzania kuunganisha benki na mitandao ya simu, hayana sehemu ya kujificha. Mtumaji anaweka namba, jina la mpokeaji linarudi, anathibitisha kwa namba ya siri, taasisi ya pili inakubali, na fedha zimekwisha kuhama. Yote hayo ni sekunde chache, usiku na mchana, Jumapili na Sikukuu ya Idi. Zikishapokelewa zinaweza kutolewa kwa wakala dakika ileile, na hapo hakuna cha kurudisha.

Umoja wa Ulaya ulikumbana na tatizo hilo na ukalitolea uamuzi ambao naona ni wa busara kuliko yote niliyosoma. Kanuni yake namba 2024/886, iliyopitishwa Machi 2024, inataka malipo ya papo kwa papo ya euro yakamilike ndani ya sekunde 10 saa yoyote ya siku yoyote. Hapohapo inaagiza kwamba kila benki iwakague wateja wake wenyewe dhidi ya orodha ya vikwazo ya Umoja huo angalau mara moja kila siku, na mara moja orodha inapobadilika. Lakini muamala ukiwa njiani, benki isiwakague tena mtumaji na mpokeaji dhidi ya orodha hiyo. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Unaambiwa usikague? Kisha nikaona hesabu yake. Kama benki ya Lisbon imemkagua mteja wake leo asubuhi, na ya Helsinki imemkagua wa kwake, kuna haja gani ya kuyakagua majina hayohayo mchana, kwa taarifa chache zaidi, ndani ya sekunde 10, na kuyarudisha malipo kila majina yanapofanana? Marekani nao, kupitia ofisi ya Wizara yao ya Fedha inayosimamia vikwazo, OFAC, walitoa mwongozo Septemba 2022 unaoelekea huko: kila taasisi ipime hatari yake, na itambue kwamba malipo ya ndani ya nchi, baina ya benki ambazo tayari zinawakagua wateja wao, yana hatari ndogo kuliko yanayovuka mpaka.

Kanuni hiyo ya Ulaya ina sehemu nyingine iliyonichekesha kidogo. Kuanzia tarehe 9 Oktoba 2025, benki za nchi zinazotumia euro zinatakiwa kumwonyesha mtumaji kama jina aliloliandika linalingana na la mwenye akaunti kabla hajaidhinisha malipo, na jambo hilo lilitangazwa kama hatua kubwa ya kupambana na utapeli. Mama lishe wa Kariakoo amekuwa akilisoma jina la mpokeaji kwenye simu ya vitufe kabla ya kuweka namba ya siri kwa miaka mingi. Matapeli wetu pia wamekwisha kulizoea. Ndiyo maana wanakutajia mapema jina litakalokuja, ili litakapokuja usishtuke.

Sasa nirudi kwa mzee wa Tanga. Fedha zilitoka Oman, nchi nyingine, sheria nyingine, kwa hiyo utaratibu wa Ulaya haukuwa na nafasi, na mtumaji alikuwa mgeni kwetu ambaye tulipaswa kumkagua muamala ukiwa njiani. Hilo ni sawa. Lakini tahadhari haikuwa ya mtumaji. Ilikuwa ya mzee, mteja wetu wa miaka tisa, ambaye alama zake za vidole zilichukuliwa wakati wa kusajili laini, ambaye tarehe yake ya kuzaliwa tunayo, na ambaye alikuwa akikaguliwa dhidi ya orodha hiyohiyo kila usiku bila kutoa tahadhari. Inawezekanaje mtu mmoja apite salama usiku na akamatwe mchana?

Nilichukua wiki nzima kulielewa, na jibu lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Ukaguzi wa usiku unasoma faili la mteja, lenye jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia na namba ya kitambulisho. Akifanana jina na mtu wa orodhani lakini wakatofautiana miaka ishirini, mfumo unashusha alama na kumwacha. Ukaguzi wa mchana unasoma ujumbe wa malipo, na ujumbe wa malipo unabeba jina, namba ya simu na kiasi. Tarehe ya kuzaliwa haimo. Nafasi ya kuiandika ipo katika muundo wa kimataifa wa ujumbe wa malipo unaotumika sasa, lakini waliounganisha mifumo yetu miaka ile hawakuona haja ya kuijaza, na mimi nilikuwa kwenye kikao walichosema hivyo nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani ni jambo la mafundi. Kwa hiyo mchana tulimkagua mzee kwa jina tupu.

Na jina tupu la mtu wa pwani ni kitu dhaifu sana kumkagulia mtu. Ngoja nionyeshe kwa karibu, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Moja ya njia kongwe za kulinganisha majina kwa sauti inaitwa Soundex, na ilipewa hataza Marekani mwaka 1918. Inaibakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu, na konsonanti zinazofuata inazigeuza kuwa tarakimu. Kwa njia hiyo Muhammad, Mohamed na Mohammed yote yanakuwa M530, na hapo unaona imefanya kazi nzuri. Lakini Zanzibar jina hilo huandikwa mara nyingi Moh'd, nalo linakuwa M300, mtu mwingine kabisa. Khamis linakuwa K520 na Hamisi H520, kwa sababu tu aliyeibuni njia hiyo hakuwahi kukutana na mtu anayeitwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa cha Unguja na Hamisi kwenye kitambulisho cha Bara. Njia nyingine, ya Vladimir Levenshtein, mtaalamu wa hisabati wa Kirusi aliyeieleza mwaka 1965, inahesabu ni herufi ngapi uongeze, uondoe au ubadilishe ili neno moja liwe jingine. Kutoka Khamis kwenda Hamisi ni hatua mbili: ondoa K, ongeza i mwishoni. Kutoka Amin kwenda Amina ni hatua moja. Kwa mashine, basi, mwanamume na mwanamke wako karibu zaidi kuliko mtu na yeye mwenyewe.

Mifumo ya leo inachanganya njia nyingi na ni mizuri kuliko hizo, lakini asili yake haijifichi. Inadhani kila mtu ana jina lake na jina la ukoo, na kwamba la ukoo ndilo la mwisho. Sisi la mwisho ni la babu, na akija kaka yako wa mama mmoja baba mwingine hamfanani hata herufi. Inahangaika na "bin" na "al", ikiyaondoa huku na kuyaacha kule. Inaona duka la vipuri lenye neno Baraka katika jina lake na kulileta mezani, kwa kuwa neno linalofanana limewahi kuwa sehemu ya jina la kampuni iliyoorodheshwa. Na orodha yenyewe, tusisahau, imejaa mashaka kwa uaminifu kabisa. Umoja wa Mataifa unayagawa majina ya utani ya walioorodheshwa katika makundi mawili, yenye ubora na yasiyo na ubora, na mwaka wa kuzaliwa mara nyingi umeandikwa "takriban" au "kati ya" mwaka huu na ule. Mtu mwenye jina la utani lisilo na ubora na mwaka wa takriban anaweza kufanana na nusu ya mtaa wa Kikwajuni.

Suluhisho la mkato linalopendekezwa kila mwaka, kwa kawaida na mtu wa masoko, ni kupandisha kizingiti. Pandisha kutoka 85 hadi 92 na foleni inapungua, wateja wanafurahi, kila kitu kinapita. Ninapinga kila linapoletwa, na huwa nawatajia Starling, benki ya Uingereza isiyo na matawi, iliyosifiwa kwa kukua haraka. Oktoba 2024 mamlaka ya usimamizi wa huduma za fedha ya nchi hiyo, FCA, iliitoza faini ya pauni milioni 28.96. Wateja wake walikuwa wameongezeka kutoka takriban 43,000 mwaka 2017 hadi milioni 3.6 mwaka 2023, na Januari 2023 benki yenyewe iligundua kwamba tangu 2017 mfumo wake ulikuwa ukiwakagua dhidi ya sehemu ndogo tu ya orodha kamili ya vikwazo. Miaka sita ya utulivu. Nadhani kila mtu katika fani hii aliposoma habari ile alikwenda kuhesabu mistari ya orodha yake, mimi nilikwenda. Foleni ikiwa ndefu sana najua nina kasoro, lakini ikiwa fupi sana silali.

Watu hunichanganyia jambo hili na utakatishaji fedha, na hata maofisini huwekwa kwenye sentensi moja, ingawa ni kazi mbili zinazouliza maswali tofauti. Vikwazo vinauliza huyu ni nani. Utakatishaji unauliza anafanya nini, na hapo jina halisaidii chochote. Chukua ujumbe wa "ile hela". Fedha za aliyetapeliwa zinaingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole halali za kijana halali, aliyelipwa kidogo ili aiache laini yake kwa watu fulani na asiulize. Hayumo kwenye orodha yoyote duniani. Kinachomsaliti ni mwenendo: laini ambayo miezi minane ilikuwa ikipokea elfu tano tano za kununua bando, leo imepokea fedha kutoka kwa watu tisa wasiohusiana, wa mikoa sita, na kila zilipoingia zilihamishiwa mtandao mwingine kabla ya dakika tano kuisha. Sekunde zile chache hazitoshi kuuona mwenendo huo, kwa sababu muamala mmoja mmoja ni msafi. Unaonekana ukiwa na kumbukumbu ya miezi minane na ukiweza kuizuia fedha kwenye mlango wa kutokea, kwa wakala, badala ya mlango wa kuingilia.

Tukishuku, sheria yetu ya mwaka 2006 inatupa saa 24 kupeleka taarifa kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, na inatukataza kumdokezea mteja kwamba taarifa imepelekwa. Katazo hilo ni la haki. Ukimwambia mwizi kwamba umemwona, hutamwona tena. Lakini maofisini limefanywa pazia la kufunikia kila kitu. Dada aliyepokea simu ya mzee alikuwa amefundishwa kujibu "unashughulikiwa" kwa muamala wowote uliosimamishwa, uwe wa kushukiwa au wa majina kufanana, kwa kuwa mwalimu wake hakutaka kumbebesha kazi ya kutofautisha. Mzee hakuwa ameshukiwa kwa lolote. Hakukuwa na sheria iliyozuia aambiwe kwamba jina lake limefanana na la mtu mwingine na kwamba tunahakiki tarehe yake ya kuzaliwa. Angeweza hata kuitaja yeye mwenyewe palepale kwenye simu.

Sitasema kwamba tulikuwa tumelala miaka yote hiyo. Tanzania iliwekwa Oktoba 2022 kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu hadi zirekebishe kasoro zao, ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu chenye makao yake Paris, na ikatolewa Juni 2025. Ndani ya kipindi hicho kila benki ya nje tuliyoshughulika nayo ilituuliza maswali mara mbili zaidi, na ukaguzi ambao zamani ulifanyika kwa sampuli ulianza kufanyika kwa wote. Wenzetu wa Kenya waliingizwa Februari 2024, mwezi uleule Uganda ilipotoka. Nilihudhuria mafunzo mengi kuliko nilivyohitaji, mengine yakitolewa na ESAAMLG, chombo cha ukanda wetu kilichoanzishwa Arusha mwaka 1999 na ambacho sekretarieti yake iko hapahapa Dar es Salaam. Ninachokumbuka ni kwamba karibu mafunzo yote yalihusu namna ya kutomkosa mwovu. Sikumbuki hata saa moja iliyotengwa kwa ajili ya mtu aliyefananishwa naye.

FATF wenyewe Juni 2025 walirekebisha Pendekezo lao la 16, linalohusu taarifa zinazopaswa kusafiri pamoja na fedha, ili tarehe ya kuzaliwa ya mtumaji iwe miongoni mwa taarifa zinazoandamana na malipo ya kuvuka mpaka yanayozidi dola 1,000, na nchi zimepewa hadi mwisho wa mwaka 2030. Ni hatua nzuri. Ila Sh 400,000 haifiki hata dola 200, na mzee alikuwa mpokeaji.

Kwa hiyo ilibidi tulifanye wenyewe, na halikuwa jambo kubwa. Muamala unapoingia kwa mteja wetu, mfumo sasa unachukua namba ya simu, unalifuata faili lake, na kuambatisha tarehe ya kuzaliwa kabla ya kulinganisha majina. Mafundi walihitaji wiki mbili, na kati ya hizo nyingi ziliishia kwenye kuzisafisha tarehe zenyewe, maana tulikuta wateja wengi waliosajiliwa zamani wakiwa wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Hao tumewaacha wakaguliwe kwa mkono hadi watakapohakikiwa upya kwa vitambulisho. Vilevile tulianzisha kumbukumbu ya watu waliokwisha kuhakikiwa, ili aliyefunguliwa na kufungwa kwa sababu zilizoandikwa asikamatwe tena kesho kwa jina lilelile la orodhani. Kumbukumbu hiyo inanipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ukiiacha ikae, siku moja itampitisha mtu ambaye taarifa za orodhani zimebadilika na kumfikia. Nikasisitiza, na nikakubaliwa baada ya mabishano, kwamba ingizo lolote la orodha likirekebishwa, hata kama ni herufi moja ya jina la utani, wote waliowahi kuhakikiwa dhidi ya ingizo hilo wafutwe kwenye kumbukumbu na kuanza upya.

Dada wa huduma kwa wateja alipewa sentensi tatu badala ya moja. Nilimpigia mzee mwenyewe, ingawa haikuwa kazi yangu, nikamwamkia na kumweleza kwamba jina lake limefanana na la mtu mwingine asiyehusiana naye. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua huyo mwenziwe ni wa wapi, kama anayeulizia ndugu aliyepotea. Sikuweza kumwambia. Akasema basi, akanishukuru, akaniombea dua.

Miamala yake ilianza kupita bila kusimama. Mwanawe humtumia karibu na tarehe 5 ya kila mwezi, na nimeona, nikikagua kumbukumbu, kwamba hukamilika ndani ya sekunde mbili au tatu. Ilikuwa hivyo kwa miezi saba. Katika mwezi wa nane Umoja wa Mataifa ulirekebisha ingizo la yule mtu wa orodhani, wakaongeza jina moja la utani na kuupanua mwaka wa kuzaliwa kuwa kati ya miaka miwili. Sasisho lilipakiwa usiku, kumbukumbu ikafutwa kama nilivyotaka iwe, na asubuhi nilipowasha kompyuta jina la mzee lilikuwa la nne kwenye foleni. Ilikuwa tarehe 3. Nikalifungua la kwanza.